Damu ya Sifuri

Kwa miaka mingi mke wangu alikuwa sifuri, na alijivunia. Naomba nieleweke mapema: simtukani. Sifuri kilikuwa cheo chake katika maabara ya mdogo wake, na cheo hicho ndicho kilichomuua. Figo zilimfia ndani kwa ndani huku watu waliosoma wakimchoma kidole kila wiki, wakichukua tone la damu na kuliweka kwenye mashine iliyotengenezwa mahususi kutafuta figo zinazokufa, wasione kitu. Nikisimulia, wengi hudhani natia chumvi. Sitii. Nitaeleza habari za shemeji yangu, kwa sababu habari za mke wangu zimo humo humo, na kwa sababu nikikaa nazo peke yangu zitanipasua.

Shemeji ni kitinda mimba wa kwao. Mama yao alifariki yeye akiwa mtoto wa kubebwa, na mke wangu, naye bado msichana wa shule, akawa dada na mama kwa mkupuo mmoja. Nilipooa nilipewa mke na mwanafunzi. Baada ya muda baba yao naye akaanza kuvimba miguu, kisha uso, na alipofikishwa hospitali tukaambiwa amechelewa. Shemeji alikuwa na sare za shule mwilini siku ile. Alimfuata daktari mpaka mlangoni akamuuliza kwa nini hakuna kilichowaambia mapema. Daktari akamjibu kwamba figo hazilalamiki mpaka sehemu kubwa imeshakufa. Njiani kurudi nyumbani mtoto yule akatutangazia kwamba atatengeneza kitu cha kuzisikiliza. Mimi nilicheka. Mke wangu hakucheka hata kidogo, alimshika mkono akamwambia, "Utatengeneza, kitinda mimba wangu. Na mimi nitakusaidia."

Mimi ni fundi makochi. Kwenye karakana yetu mbao na sponji ni zangu, vitambaa vilikuwa vya mke wangu, na kwa makochi ya watu tulimsomesha Shemeji mpaka akarudi na neno "daktari" mbele ya jina lake. Si daktari wa kutibu. Ni wale wa aina ya pili, ambao ukiumwa hawana msaada wowote. Majirani hawakulielewa hilo, wakaendelea kumletea watoto wenye kikohozi, naye akaendelea kuwaelekeza zahanati kwa upole uliokuwa unaelekea kwisha. Mwishowe mtaa mzima ukamwita Daktari Tone, maana hakuna mgeni aliyekaa kwetu kwa amani. Hujamaliza kusalimia, unasikia, "Samahani, naomba tone moja tu."

Maabara yao niliijua vizuri kwa sababu niliitwa kuvisha upya viti vyao. Vile viti virefu visivyo na mgongo vilikuwa vimeliwa na dawa mpaka sponji inatazama nje. Chumba chenyewe hakikuwa na maajabu. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo, madirisha yalizibwa kwa karatasi ya kuzuia jua, na jokofu lilibandikwa tangazo la kukataza chakula, tangazo ambalo chini yake palikuwa na chupa ya soda ya mtu. Vijana wenye glavu walitembea taratibu kama wamebeba mayai. Pale juu ya meza palikuwa na kichupa cha maji mekundu, na Shemeji aliponiambia kuwa ile ni dhahabu nilidhani ananifanya mjinga.

"Dhahabu gani nyekundu, Shemeji?"

"Ikisagwa ndogo kabisa inakuwa hivyo. Chembe moja haionekani hata ukitumia hadubini ya kawaida."

"Sasa dhahabu isiyovalika wala kuuzika si hasara?"

Akacheka, akanielewesha kwa uvumilivu wa mwalimu wa chekechea. Kijikaratasi chao kilifanana na kile cha kupimia sukari. Juu yake wanatandaza chembe zile za dhahabu, na juu ya dhahabu wanabandika kimeng'enya, yaani kitu kinachokula ile taka ambayo figo nzima huitoa mwilini. Kikila, umeme kidogo mno unapita, na mashine ya kushika mkononi inaugeuza kuwa namba. Taka ikiwa nyingi namba inakuwa kubwa, na mwenye damu hiyo aende hospitali haraka. Nilielewa. Nakiri pia kwamba nilisisimka.

Tatizo lao lilikuwa moja, na fundi yeyote wa vitambaa angelielewa. Ukinunua rangi ile ile kutoka jora jingine, haifanani sawasawa na ya mwanzo. Vijikaratasi vyao navyo vilikuwa hivyo: kila fungu jipya lilisoma tofauti kidogo na fungu lililopita. Kwa hiyo kila fungu lilipaswa kufundishwa kwanza damu ya mtu mzima wa afya inafananaje. Unaweka tone la mtu asiye na ugonjwa, mashine inalisoma, nawe unaiambia: hapa ndipo sifuri, anza kuhesabu kuanzia hapa. Walijaribu maji ya kuchanganya wenyewe yakawaangusha, kwa kuwa damu ya kweli ina mambo mengi ndani yake. Walihitaji mtu. Tena awe mmoja, yule yule kila mara, ili fungu la leo liweze kulinganishwa na la mwaka jana.

Ndipo mke wangu akatimiza ahadi yake. Hospitali ilimpima mara moja, mwanzoni, ikamkuta hana dosari, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena. Kila wiki alifunga karakana mapema akaenda kuchomwa kidole. Alivaa gauni zuri kwa safari hiyo. Alirudi na pamba kidoleni akiwa ameinua kichwa, na mimi nikaona cha moto.

"Wewe umepimwa una namba," ananiambia mbele ya wateja. "Mimi sina namba. Mimi ni sifuri."

"Hongera. Sasa nipe huo mkasi, sifuri."

"Sema kwa heshima. Kuna mashine huko haijui mtu mzima ni nani mpaka niitambulishe."

Binti yetu alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. Tulikuwa na furaha, sitaki kuficha. Namchukia mtu anayesimulia msiba kana kwamba nyumba ilikuwa na giza tangu msingi.

Mwaka wa tatu au wa nne Shemeji alianza kuja kwetu amekunja uso. Chakula kinapoa mbele yake, yeye ameshika tama. Kulikuwa na mambo mawili yanayomnyima raha. La kwanza, msingi unapanda: lile tone la sifuri, kabla mashine haijaambiwa kwamba hiyo ni sifuri, lilitoa umeme mkubwa kidogo kila fungu. Mkuu wa maabara, mzee mcheshi mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, akasema dhahabu yao imeanza kuchafuka, wauteremshe msingi waendelee. Wakauteremsha. Fungu lililofuata ukapanda tena, wakauteremsha tena. Siku hizi nikiwaza hilo hasira hunipanda. Damu ya mke wangu ilikuwa inapiga kelele, na wao kila ikipaza sauti wanapunguza redio.

La pili, wagonjwa wa hospitali hawakusomeka. Mashine kubwa ya hospitali ikisema mtu ana ugonjwa wa wastani, ya Shemeji inasema ni mdogo. Hospitali ikisema ndio unaanza, ya Shemeji inamwita mzima. Na hao wanaoanza ndio aliowalenga maisha yake yote. Tofauti ikawa inakua. Wafadhili wakaanza kuuliza maswali.

Alitafuta hitilafu ile kwa miaka miwili. Aliishuku dhahabu, akabadilisha anakoagiza. Akakishuku kimeng'enya, akashuku gundi, akashuku jokofu, akashuku maji ya bomba ya jengo zima. Aliwashuku vijana wake kwamba hawanawi vizuri. Hata mashine ya hospitali aliishuku, akagombana na watu wa huko. Hakuna kitu alichokiacha isipokuwa kimoja, na hicho kilikuwa kinamsukumia bakuli mezani na kumwambia, "Kula kwanza. Utaipata tu."

"Dada, mimi nimechoka. Nadhani sina akili hii niliyodhani ninayo."

"Acha maneno hayo. Chukua tone lingine. Labda la leo ndilo lenye baraka."

Na akanyoosha kidole pale pale mezani.

Wakati huo mke wangu alikuwa ameanza kuvua viatu karakanani. Alisema vinabana. Pete ilikataa kutoka. Asubuhi macho yalikuwa yamevimba kama mtu aliyelia, na kitambaa alichokuwa akikimaliza kwa saa moja sasa kilimla asubuhi nzima. Nikamwambia aende hospitali. Akanijibu, "Nikapimwe nini? Mimi ndiye kipimo chenyewe." Hilo nalo lilikuwa na mantiki yake. Lakini sikuridhika, na Shemeji alipokuja nikamwambia mbele ya dada yake, "Mtazame miguu. Mashine unayo kwenye mkoba. Mpime."

Alimpima. Alitoa kijikaratasi kutoka fungu la wiki ile, akapangusa kidole kwa spiriti, akachoma, akaminya. Tukainamia mashine sote watatu. Ikaandika sifuri.

Na ingeandika nini kingine?

"Safi kabisa," Shemeji akasema, na nilimwona akishusha pumzi. "Ni uchovu, Dada. Unakaa sana kwenye cherehani. Inua miguu ukilala, punguza chumvi."

Mke wangu akanigeukia. "Umesikia? Mtu wa makochi anataka kushindana na sayansi."

Tulicheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote kwa sababu nilikuwa nimeogopa kuliko wote. Tukaipa ile sifuri miezi yote iliyobaki, miezi ambayo daktari wa kawaida mwenye chupa ya mkojo angeitumia kumwokoa.

Alianguka karakanani mchana, akaangukia jora la kitambaa cha bluu. Pumzi yake ilikuwa na harufu nisiyoijua. Nilimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari la mteja. Hospitali walichukua damu, wakakaa, wakarudi na uso ule niliokwisha kuuona mara moja, siku ya baba mkwe. Daktari, mwanamke wa makamo anayesema polepole, alituambia ukumbini kwamba figo zimebaki jina tu. Haukuwa ugonjwa wa jana wala wa mwaka huu.

Shemeji alikuwa amefika anahema, koti la maabara bado mwilini. Akamkatalia daktari.

"Haiwezekani. Mashine yenu ina makosa, na si mara ya kwanza. Huyu nimempima mwenyewe miezi michache tu iliyopita. Ilikuwa sifuri."

"Sifuri ukilinganisha na nani?" daktari akauliza. Hakuwa na kejeli. Aliuliza tu kama anavyomuuliza mwenzake wa kazi.

Shemeji alifungua mdomo. Niliona jibu likimfika machoni. Akashika ukuta, akateremka nao mpaka sakafuni, akakaa pale katikati ya miguu ya watu. Mimi sikuelewa bado. Nilidhani ni huzuni. Nikamwinamia nimwinue, akaniambia kwa sauti ndogo sana, "Shemeji, ni yeye. Hitilafu ni yeye. Nimekuwa nikimtoa kwenye hesabu."

Akanifafanulia pale chini. Kila fungu, kila wiki, walichukua ugonjwa wa mke wangu wakauita afya. Kisha wakawapunguzia wagonjwa wote wa mji kiasi hicho hicho. Baba yake alikufa kwa figo, ugonjwa unaotembea kwenye damu ya ukoo, na yeye na masomo yake yote akamchagua dada yake wa tumbo moja awe mfano wa mtu mzima. Hakuwahi kumrudisha hospitali kupimwa upya. "Nilimzoea," aliniambia. "Dada haugui. Tangu nizaliwe, Dada haugui." Nilitaka kumpiga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mkono uliniwasha.

Jioni ile ile aliondoka kwenda maabara, na hilo nalo lilinichemsha. Mke wangu yupo kwenye mipira, mdogo wake amekimbilia vichupa. Alikusanya watu wengine kadhaa, wasio ndugu, akawapeleka kwanza kupimwa hospitali, akachanganya sifuri mpya kutokana na wote. Kisha akawarudia wagonjwa. Kila namba ikakaa mahali pake. Mashine iliyomtesa miaka miwili ikakubaliana na ya hospitali kama mapacha. Haikuwa na ubovu wowote. Tangu mwanzo ilikuwa nzima, ila ilifundishwa uongo.

Mkuu wa maabara alimpigia Shemeji simu tukiwa naye wodini, na sauti ya mzee ilikuwa kubwa kiasi cha kusikika na wote. "Hongera! Umeipata! Ilikuwa nini?" Shemeji akamwambia ilikuwa nini. Mzee akasema, "Pole. Pole sana. Lakini kisayansi ni matokeo mazuri mno." Simlaumu sana. Hakujua aseme nini, akasema alichokuwa nacho. Lakini sikwenda tena kuvisha viti vyake.

Shemeji alitaka kutoa figo yake. Madaktari wakamkatalia, kwa kuwa ugonjwa ni wa ukoo na hawakutaka kumharibu wa pili. Yangu haikulingana. Mke wangu akaanza kusafishwa damu, akikaa kwenye kiti kikubwa cha kuegemea ambacho ngozi yake ilikuwa imepasuka, mpaka siku moja nikaja na sindano na uzi nikakishona yeye akiwa juu yake. Shemeji hakuonekana tena. Alituma vitu, alituma ujumbe, mwenyewe haji. Mke wangu akachoka kungoja. "Mpigie," akaniambia. "Mwambie aje, na aje na mashine yake."

Alikuja akiwa amekonda. Alisimama mbali na kiti, mkoba kifuani, akitazama mipira inayotoa damu na kuirudisha. Mimi sikumsalimia. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga siku nyingi, na nilitarajia mke wangu anayo makali zaidi.

"Sogea," mke wangu akamwambia. Akanyoosha kidole. "Nipime."

"Dada, naomba tusifanye hivyo."

"Nimekuchangia damu miaka yote bila kuuliza. Leo nauliza. Nipime."

Alidondosha kijikaratasi cha kwanza, akatoa kingine, akampima. Mashine ikafikiri, halafu ikaandika namba kubwa, ndefu, mbaya. Ilikuwa karibu sawa kabisa na ile iliyoandikwa kwenye faili lake la hospitali, lililowekwa miguuni pa kitanda cha mgonjwa wa jirani aliyekuwa akichungulia.

"Imeniona?" mke wangu akauliza.

"Imekuona, Dada."

"Basi inafanya kazi." Akaegemea, akafumba macho. "Nilitaka tu kujua kama inafanya kazi."

Shemeji alilia kwa kelele mpaka muuguzi akaja. Na mke wangu, aliyebakiwa na mkono mmoja huru, alimvuta kichwa akakilaza pajani, akambembeleza kama alivyombembeleza akiwa mtoto wa kubebwa. "Nyamaza, kitinda mimba wangu. Nyamaza." Nilisimama pale na maneno yangu niliyoyapanga, nikiwa sina pa kuyaweka. Anayekufa anambembeleza mzima. Nilichukia, na mpaka leo sijui nilimchukia nani.

Hakumaliza mwaka. Mashine imeanza kusambazwa zahanati, nasikia inasaidia watu, na waliopimwa mapema wameanza dawa mapema. Namtakia kila mmoja wao maisha marefu. Sijui kama namaanisha.

Shemeji huja kila mwezi kumpima binti yetu, kwa sababu damu ya ukoo ule inapita kwake pia. Binti ananyoosha kidole, hana utani tena. Sote watatu tunainama, kama tulivyoinama siku ile. Shemeji anasoma, anashusha pumzi, anasema, "Mzima." Namwandalia chai, anakunywa, anaaga.

Kesho yake nampeleka binti hospitali akapimwe upya. Shemeji anajua. Hajawahi kuniuliza kwa nini.